Banda Lililohamishwa Mchana

Tangu ng'ombe wake waondoke, Okko hakuwahi kukaa kitako akamaliza vikombe vitatu vya chai. Cha kwanza alikinywa amekaa, cha pili amesimama dirishani, cha tatu kilipoa mezani na bonge lake la sukari halijayeyuka, mwenyewe keshafika uani kutafuta kitu cha kugongagonga. Huku kwetu Frisia ya Mashariki, pwani ya Ujerumani, mtu anayekiacha kikombe cha tatu huulizwa kama ana homa. Okko hakuwa na homa. Alikuwa mtu wa maziwa asiye na ng'ombe, na mikono ilimwasha kutwa nzima.

Ng'ombe waliuzwa baada ya mkewe kufariki na goti lake mwenyewe kukataa kazi. Kila alfajiri aliamka saa ile ile ya kukamua, akaenda kusimama mlangoni mwa zizi tupu, akarudi. Ni binti yake, Theda, aliyerudi kutoka mjini akaleta kuku wa mayai, mia mbili na ushei, wekundu, midomo yao mizima isiyokatwa ncha. Kuku hao walikaa malishoni kwenye banda la magurudumu. Ndani mlikuwa na viota na fito za kulalia, mbele kulikuwa na ngazi ndogo ya kushukia, na nje palizungushwa wavu wa umeme wa kumzuia mbweha. Nyasi zikichoka, Theda alilivuta banda kwa trekta, kuku wapate majani mabichi, wadudu, na udongo mkavu wa kuogea. Mayai yao yalikuwa na kiini cha rangi ya chungwa, na watu waliyafuata kwa baiskeli hata siku za mvua.

Okko aliyala mayai hayo kwa furaha na kuwadharau waliotaga. "Ng'ombe anakutazama," alipenda kusema. "Kuku anakuona tu."

Jumamosi moja ya Oktoba rafiki wa Theda alikuwa anaolewa Hamburg. Theda hakuwahi kulala nje tangu kuku waje. Alisimama kando ya gari amevaa gauni la kijani na buti za kukanyagia matope, viatu vya harusi vikiwa kwenye mfuko.

"Baba, nisikilize. Okota mayai. Tazama maji. Jioni hakikisha wote wameingia, mlango utajifunga wenyewe. Basi. Usiguse kingine."

"Nimekamua ng'ombe maisha yangu yote, leo nifundishwe kufunga mlango wa kuku?"

"Ndiyo, leo ufundishwe."

"Haya, mwalimu. Nenda kacheze."

Theda hakucheka. Alizungusha funguo za gari kidoleni. "Nakwambia ukweli, Baba. Nimechoka. Kama siwezi kuondoka hata usiku mmoja bila kukaa tumbo joto, msimu huu ukiisha nawauza wote, na malisho tunamkodisha yule bwana wa mahindi. Peke yangu siwezi."

"Peke yako vipi, na mimi nipo?"

"Hilo ndilo tutakaloliona leo," Theda alisema, akambusu shavuni, akaondoka.

Sasa mtu mwenye busara angeokota mayai, akarudi ndani, akanywa chai yake hadi kikombe cha tatu. Okko aliyaokota mayai, akatazama maji, na alipomaliza jua halijapanda hata kufika kileleni mwa zizi. Maneno ya binti yake yalimfuata kila alipogeuka. Wawauze kuku, malisho yapandwe mahindi hadi ukingoni mwa barabara, na yeye asubuhi aamke aende kutazama nini? Alizunguka banda mara kwa mara, kiguu na njia, akitafuta kosa. Na mtu akitafuta kosa kwa bidii namna hiyo, atalipata.

Kosa lenyewe lilikuwa chini ya miguu yake. Mbele ya ngazi kuku walikuwa wamechakura mpaka nyasi zote zimekwisha, pamebaki tope jeusi. Ng'ambo ya mtaro, karibu na mierebi, kulikuwa na nyasi changa na klova nyeupe, majani ya malisho ambayo hayajaguswa tangu kiangazi. Okko alizitazama nyasi hizo kwa macho ya ng'ombe. Mifugo yake asingeiacha topeni hata nusu siku, majirani wangemsema. Akaona la kufanya: Theda arudi akute kuku wanang'aa kwenye majani, ajue baba yake bado ni mfugaji.

Theda alikuwa amewahi kumweleza kwa nini banda husogezwa kidogo tu, urefu wake lenyewe, tena wakiwa wameshalala ndani. Lakini siku ya maelezo hayo Okko alikuwa akisikiliza kwa sikio la mtu anayesimuliwa habari za kuku.

Akaleta trekta. Akalivuta banda likayumba juu ya daraja la mtaro mpaka kule kwenye mierebi, waliokuwa viotani wakilalamika ndani kwa sauti. Akatikisa ndoo ya ngano, na waliobaki wakamfuata mbio, mabawa wazi, wakigongana kama watoto wa shule kengele ikilia. Akang'oa wavu, akausimika upya pande tatu. Upande wa nne, ulioelekea kule walikotoka, akauacha wazi kwa kuwa goti lilimuuma. Mnyama gani mwenye akili zake atatoka kwenye nyasi arudi topeni?

Na kweli ilipendeza. Kuku walitawanyika kwenye kijani wakidonoa huku mikia juu. Okko alipiga picha, akahangaika na simu mpaka akafanikiwa kumtumia Theda. Hakujibiwa, akajua wako kanisani. Mchana ule alikunywa chai akiwa amekaa, vikombe viwili, na cha tatu akakaribia kukimaliza.

Alasiri ikaanza kufifia. Okko alikuwa ameegemea trekta wakati kuku mmoja alipoinua kichwa, akatazama kule ng'ambo, akaanza kutembea. Hakukimbia. Alipita daraja la mtaro kama mtu anayetoka kazini. Akafuata wa pili, halafu watano, halafu mstari mzima. Walipita kandokando ya buti za Okko bila hata kumtazama.

"We! We! Mnaenda wapi?" Akatanua mikono. Mstari ukagawanyika, ukamzunguka, ukaungana mbele yake.

Aliwafuata. Walikuwa wamekusanyika pale pale banda liliposimama asubuhi, kwenye umbo la pembe nne la nyasi zilizopauka, wala hapana aliyetoka nje ya mstari. Mmoja alisimama mbele ya mahali ilipokuwa ngazi, akainua mguu, akarudisha. Akaruka. Hewani hapakuwa na kitu, akaanguka, akajikung'uta, akaruka tena. Wengine walitazama juu, shingo zimenyooka, wakilia ile sauti ndogo ya swali wanayolia kabla ya kulala. Okko hakuwahi kuisikia sauti hiyo, kwa sababu hakuwahi kuwapo jioni.

Alirudi mbio kwa mguu mmoja na nusu, akawasha trekta alirudishe banda. Kule kwenye mierebi ardhi ilikuwa ya mboji, laini, na magurudumu yakazunguka bure, yakachimba, yakazama hadi ekseli. Akazima. Akatukana kwa lugha ya mama yake, tusi ambalo sitaliandika.

Basi ikabaki mikono. Alikamata kuku wawili, akawabeba wakipiga mabawa mpaka bandani, akawasukuma ndani, akarudi kukamata wengine. Aliporudi na wawili wengine, wale wa kwanza walikuwa njiani, wanatembea kurudi nyumbani. Alivua koti akajaribu kuwaswaga. Walitawanyika, wakarudi, wakasongamana zaidi.

"Moin, Okko! Mnacheza mchezo gani?"

Aliyemsalimu alikuwa Gesche, jirani yake mjane, amesimamisha baiskeli barabarani na kikasha chake cha mayai kwenye kapu. Gesche alikuwa na domo la kuwaamsha waliolala na moyo wa kuwalaza tena.

"Sichezi. Nahamisha kuku."

"Naona wanakuhamisha wewe." Akateremka, akasogea, na kicheko kikamwishia mdomoni. "Nyumba yao iko wapi?"

Okko alionyesha kwa kidevu. Wakati huo huo, kule kwenye mierebi, mwanga ukiwa umepungua vya kutosha, kitu kikalia kwa upole, na mlango mdogo wa banda ukateremka ukajifunga. Ulifanya kazi yake kwa utiifu kamili, ndani hamna hata unyoya.

"Mungu wangu, Okko. Na juzi nimemwona mbweha kwenye mtaro. Jike, mnene."

"Najua mbweha yuko. Usiniambie ninayoyajua."

"Unayoyajua wewe ni ya ng'ombe. Theda anajua?"

"Hajui. Na kama nitawahi..." Hakumaliza, simu ililia mfukoni. Aliitazama kana kwamba imemuuma, akapokea.

"Baba, hii picha ni nini?" Nyuma ya Theda kulikuwa na muziki na vicheko.

"Kuku."

"Naona ni kuku. Miti iliyo nyuma yao ni ya wapi?"

"Ya ng'ambo ya mtaro."

Vicheko vikapungua, mlango ukafungwa. Theda alikuwa ametoka nje. "Wako wapi sasa hivi?"

"Wamerudi lilipokuwa banda. Wamekaa chini, Theda. Wananitazama kama mtu aliyewaibia nyumba."

"Si umewaibia? Nilikueleza! Wao hawarudi kwenye banda, wanarudi mahali! Trekta je?"

"Imezama."

Funguo ziligongana kwenye simu. "Nakuja."

"Mwanangu, utafika limeshatendeka la kutendeka. Usije. Niambie nifanye nini." Okko hakukumbuka kama aliwahi kumwambia binti yake maneno hayo, na Gesche, aliyekuwa akisikiliza bila kuficha, naye aliinua nyusi.

Theda akauliza, "Sasa hivi unafanya nini?"

"Nawaswaga."

"Acha! Wamelaliana?"

"Hapo katikati wamekuwa lundo."

"Baba, walio chini wanakosa hewa, wanakufa hivi hivi tukiongea. Nenda polepole. Waondoe wa juu mmoja mmoja, wapange kando. Usikimbie, usipige kelele. Halafu kaa chini."

"Nikae wapi?"

"Chini, katikati yao. Tulia mpaka giza liingie kabisa. Gizani kuku haoni, hakimbii, unambeba kama mkate. Ukiwakimbiza sasa, unazidi kuwalundika."

"Na mbweha?"

"Ndiyo sababu ukae hapo hapo. Ukimaliza unipigie. Usiponipigia, nawasha gari."

Simu ikakatika. Gesche akasema anakwenda kuleta toroli na makasha ya viazi, akaondoka akipiga pedali kama msichana.

Okko alipiga magoti kwenye tope. Aliwaondoa wa juu, mmoja mmoja, akawapanga kando kwa mstari, na kila alipoondoa mmoja, wa chini yake alijitutumua akavuta pumzi kwa mdomo wazi. Wengine waliyumba kama walevi, wakatulia. Wa mwisho, aliyekuwa chini kabisa, hakujitutumua. Alikuwa bado na joto, shingo yake imelegea kwenye kiganja. Okko alimshika muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akamlaza kando, akaketi.

Kukaa huko kulikuwa adhabu. Kila kiungo chake kilitaka kuinuka kikafanye kitu. Aliwaza trekta. Aliwaza kwamba upande wa mashariki kuna wengine wanaanza kusogeleana, akanyoosha mkono pole pole akawatenganisha. Aliwaza mahindi, marefu kuliko mtu, mpaka kwenye dirisha la jikoni, na Theda akirudi mjini kwa sababu hapakuwa na cha kumweka. Kosa lingekuwa lake, wala si la goti wala la umri. Aliogopa, na hakuwa na kazi ya mikono ya kumsahaulisha.

Baridi ilipanda kutoka ardhini ikamwingia kiunoni. Kuku mmoja alimkanyaga buti, akampanda gotini, lile lile bovu, akajizungusha akalala. Alikuwa mzito kuliko Okko alivyodhani. Kifua chake kilipiga haraka haraka, halafu taratibu, halafu taratibu zaidi. Okko akaogopa hata kukohoa.

Ndipo alipomwona mbweha. Alitoka mtaroni bila sauti, akasimama ukingoni, mguu mmoja umeinuliwa. Upande huo hapakuwa na wavu wala kitu. Okko akiruka, kuku wote wataruka, watajazana upya, watasongana. Akipiga kelele, vivyo hivyo. Alikaza meno, na kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani kwa mtamba anayekamuliwa mara ya kwanza, akaanza kusema naye.

"Haya, mama. Nimekuona. Usisogee. Mimi niko hapa, na nitakuwa hapa mpaka asubuhi ikibidi. Haya, nenda. Taratibu. Hivyo hivyo."

Mbweha alikaa kitako, akasikiliza. Wakatazamana. Okko aliendelea kusema, hajui anasema nini, alitaja hali ya hewa, alitaja bei ya majani makavu, alitaja jina la marehemu mkewe, sauti yake haikupanda wala kushuka. Kuku waliomzunguka walijibu kwa mlio mdogo, mmoja mmoja, wakinyamaza. Mwishowe mbweha aliinuka, akafuata mtaro kuelekea kwa jirani. Okko aliendelea kusema na mahali mbweha alipokuwa amekaa.

Giza lilipokamilika, Gesche alikuja akisukuma toroli bila taa. "Uko wapi?" alinong'ona.

"Hapa. Usinikanyage, nimepakatwa."

"Umepakata."

"Vyovyote."

Walibeba. Okko aliwainua kwa mikono miwili, mabawa yamebanwa, akawaweka kwenye makasha, na hapana aliyelia. Gesche alisukuma, yeye akifuata akishikilia makasha yasipinduke darajani. Wakaingia bandani kwa mlango wa watu, wakawapanga kwenye fito, na kila kuku alipoguswa na ufito chini ya vidole aliushika, akajivuta ndani ya manyoya yake. Wakarudi. Wakabeba. Goti lilimwaka moto, naye akalitukana kwa kunong'ona. Wakamaliza kwa kufunga wavu pande zote nne, Gesche akiusoma mgongo wa Okko kila anapoinama na kumnyang'anya kigingi.

Pale palipobaki tupu, Gesche alimkuta yule mfu. Akamwinua kwa miguu.

"Huyu?"

"Alikuwa chini kabisa."

Gesche alifikiri. "Sikia. Mmoja tu katika wote hawa. Nampeleka kwangu, kesho ni supu. Theda akihesabu, mwewe kamchukua, si kila wiki mwewe huchukua? Mimi sisemi. Msichana amekwisha niambia amechoka; akisikia umemuulia kuku, atauza, na wewe utanisumbua mimi kutwa nzima uani kwangu."

Ilikuwa njama nzuri, yenye mantiki, na mwewe kweli huchukua. Okko alimpokea kuku mkononi mwa Gesche, akatoa simu, akapiga.

Ilipokelewa kabla haijalia sawasawa. Theda alikuwa bado nje, upepo ulisikika. "Sema, Baba."

"Wako ndani. Wavu umewashwa. Gesche amenisaidia."

"Wote?"

Gesche alitikisa kichwa kwa nguvu gizani.

"Mmoja amekufa," Okko alisema. "Alikuwa chini ya wenzake. Nilikuwa nawaswaga badala ya kuwatazama. Nimemuua mimi, Theda, si mbweha."

Alizisikia funguo mkononi mwa binti yake, zikigongana polepole, zikanyamaza. Okko alisimama wima kama mtu anayesubiri hukumu, kuku amemning'inia kando ya paja.

"Trekta imezama sana?" Theda aliuliza.

"Hadi ekseli."

"Basi asubuhi usiliguse banda. Watatoka, jioni watataka kurudi kule. Wataendelea hivyo siku kadhaa. Itabidi uketi nao tena, uwabebe tena."

"Nitaketi."

"Na mimi nilisema nitarudi kesho."

"Ulisema hivyo."

"Wamenialika nibaki hadi Jumatatu. Utaweza?"

"Sijui," Okko akasema. "Nitajaribu."

"Haya," Theda alisema.

Okko alisubiri mlio wa gari likiwashwa. Alisikia viatu vya harusi vikipanda ngazi za mawe, mlango ukafunguliwa, na muziki ukamjaa sikioni.